Maswali ya Wasomaji: Wavu Wangu Mbovu, au Hesabu Zangu?

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi mitambo, niko Mbeya. Mradi wangu wa mwisho ni kuiga kwenye kompyuta maji yanayopita ndani ya bomba la plastiki la kipenyo cha ndani milimita 50 lenye elbo ya digrii 90, kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde. Natumia OpenFOAM, programu inayokokotoa mtiririko kwenye wavu wa seli, yaani vipande vidogo vilivyogawa nafasi ya ndani ya bomba. Masalio ya presha yanashuka mpaka sehemu moja ya elfu, halafu yanagoma. Yanapanda na kushuka kama meno ya msumeno hata nikiacha laptopu usiku kucha. Amri yake ya checkMesh, inayokagua wavu, inaniambia pembe ya kuinama iliyo kubwa kabisa ni digrii 81, nyuso 214 zimevuka digrii 70, na upogo mkubwa kabisa ni 5.1. Msimamizi wangu anasema, "Wavu wako mbovu." Mwenzangu wa chumbani anasema wavu hauna neno, nikaze breki tu. Nitathibitishaje kwamba ni ubora wa wavu unaozuia hesabu kutulia? Nimebakiwa na wiki sita.
– Mwenye Elbo, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipenda kwa kuwa umeleta namba. Wengi huniandikia "simulesheni yangu haikubali, nisaidie", kama mtu anayempigia daktari simu, akasema "naumwa", akakata.

Msimamizi wako anaweza kuwa sahihi. Mwenzako wa chumbani naye anaweza kuwa sahihi. Ila mpaka sasa kila mmoja amekupa maoni tu, na wewe umeuliza uthibitisho. Kabla ya kuutafuta, tuelewane kwanza juu ya neno "kutulia", maana hilo lina watoto wawili wanaofanana sura.

Wa kwanza ni hesabu kutulia. Programu inakokotoa raundi baada ya raundi kwenye wavu uleule, na kile kisichosawazika katika milinganyo ndicho tunachokiita masalio. Yakishuka na kukaa chini, hesabu imetulia. Wa pili ni jibu kutulia. Unasuka wavu mwingine wenye seli ndogo zaidi, unakokotoa upya, na namba unayoitaka (kwako ni presha inayopotea kwenye elbo) haisogei tena kiasi cha kukusumbua. Wavu mbovu unaweza kumharibu mtoto yeyote kati ya hao. Akiharibika wa kwanza utajua, kwa sababu atakukesha. Akiharibika wa pili hutasikia sauti yoyote, na mimi ndivyo nilivyoumbuka.

Nilikuwa kwenye ofisi moja ya ushauri wa miradi ya maji, siitaji jina. Tulikuwa tunakadiria presha itakayopotea kwenye maungio ya bomba kuu kabla ya pampu. Wavu wangu ulikuwa wa seli za piramidi, programu iliusuka yenyewe kwa dakika kumi wakati nakunywa chai, na masalio yakagoma kama yako. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Alhamisi usiku nikabadilisha namna ya kukokotoa jinsi kasi inavyobebwa kutoka seli hadi seli. Nikaacha njia ya daraja la pili nikatumia ya daraja la kwanza, ile inayochukua thamani ya seli iliyo upande maji yanakotoka na kuridhika nayo. Asubuhi masalio yote yalikuwa chini ya moja ya milioni, mstari umeteremka kama uzi wa timazi. Nikachapisha picha ya rangi, nyekundu huku, buluu kule. Wakubwa wakafurahi. Miezi mitatu baadaye fundi alifunga manomita pale pale, na kilichosomwa kikatofautiana na nilichoandika kwa karibu robo nzima. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole, "Dada, hili la kwenye karatasi ni bomba hilihili?"

Kilichotokea kinaelezeka. Njia ile ya daraja la kwanza inaongeza mnato wa bandia, na ukubwa wake ni kama nusu ya kasi mara upana wa seli. Chukua kasi yako ya mita 1 kwa sekunde, na tuseme seli ni ya milimita 2. Unapata 0.001. Mnato halisi wa maji, kwa kipimo hichohicho cha mita za mraba kwa sekunde, ni karibu 0.000001. Yaani pale mtiririko unapokata seli kimshazari, na kwenye piramidi hukata kimshazari karibu kila mahali, nilikuwa nimebadilisha maji kuwa kitu kizito mara elfu. Nilikokotoa uji. Na uji hutulia upesi sana.

Sasa turudi kwenye digrii 81 zako. Chukua seli mbili jirani zinazogawana uso mmoja. Programu inajua presha katikati ya kila seli, na inataka kujua inavyoteremka kupita uso ule, kwa mwelekeo uliosimama wima juu yake. Kama mstari unaounganisha vitovu vya seli hizo umesimama wima juu ya uso, kazi imekwisha: toa moja kwa nyingine, gawa kwa umbali. Ukiwa umeinama, mstari huo unakupa sehemu tu ya habari. Sehemu iliyobaki inakopwa kutoka kwenye majibu ya raundi iliyopita, ambayo bado yalikuwa na makosa. Kwa njia iliyozoeleka katika OpenFOAM, mkopo huo unakua kama tanjenti ya pembe. Ukiupima kwa eneo la uso, kwenye digrii 45 ni 1, kwenye 60 ni 1.7, kwenye 70 ni 2.7, na kwenye 81 zako ni 6.3. Unaona unavyoruka mwishoni? Ndiyo maana checkMesh inaanza kupiga kelele kwenye 70 na wala si kwenye 50.

Upogo ni ugonjwa mwingine. Hapo mstari wa vitovu unatoboa uso mbali na katikati yake, kwa hiyo thamani inayokadiriwa ni ya mahali pasipo penyewe, na ule usahihi wa daraja la pili unaoudhani unao unakutoka. OpenFOAM huvumilia hadi 4 kwa nyuso za ndani. Wewe una 5.1.

Seli ndefu nyembamba huogopwa kuliko inavyostahili. Kweli zinachelewesha: seli yenye urefu mara 100 ya unene wake huwa na nguvu za kuunganika na jirani zinazotofautiana mara 10,000 kati ya upande na upande, na hilo huchosha mashine ya kutatua milinganyo. Lakini karibu na ukuta, ambako kasi inabadilika haraka kuelekea ukutani na polepole kufuata bomba, seli za namna hiyo ni halali kabisa. checkMesh yenyewe hailalamiki mpaka uwiano ufike 1000.

Niingize la nyumbani kidogo. Baba yangu alikuwa mvuvi hapa Tanga, na jioni alikuwa akitandaza jarife kivulini kulikagua. Hakuhesabu macho ya wavu. Alipitisha mkono polepole akitafuta jicho moja lililokatika, kwa sababu papa hapiti kwenye wastani. Nakuambia hivi kwa kuwa wanafunzi huniletea wastani: "Mama, pembe ya wastani ni digrii 9 tu!" Nyuso 214 kati ya laki kadhaa hazionekani kwenye wastani, na ndizo zinazoweza kukukesha. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kupitisha mkono.

Zinakaa wapi hizo nyuso 214? checkMesh huzihifadhi kwenye kundi lake. Zifungue kwenye ParaView, programu ya kutazama wavu na majibu kwa picha. Zikiwa zimejipanga safu nne kufuata urefu wa bomba, nitakuambia ulivyofanya hata bila kukuona: ulichukua tofali moja la mraba lililojaa seli ukalivimbisha likawa duara. Pembe nne za mraba zimelazwa juu ya duara, pembe ya digrii 90 imenyooshwa kuwa karibu 180, na seli ya pale kwa jina ina pande nne lakini kwa sura ni pembetatu. Dawa yake inajulikana: weka kiini cha mraba katikati ya bomba na uzungushie matofali manne mpaka ukutani, pembe za mraba zibaki ndani mbali na ukuta. Kama zimerundikana tumboni mwa elbo, upande wa ndani wa kona, basi ni zile tabaka za seli nyembamba za ukutani zilizobanwa zikipinda. Hapo utalazimika kupunguza idadi ya tabaka au kuzinenepesha kwa mpango, kila moja isizidi mara 1.2 ya iliyotangulia.

Ukishaziona, iamuru programu iandike masalio ya presha seli kwa seli, uyapandishe juu ya picha ileile. Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote, na sijui kwa nini hakifundishwi mapema. Masalio makubwa yakikaa juu ya nyuso mbovu, wavu ni mshukiwa namba moja. Yakikaa baada ya elbo, upande wa ndani, mahali maji yanapoachana na ukuta, usikimbilie kuulaumu wavu. Ndani ya kona ya bomba maji hujisokota kwa mizunguko miwili inayopingana, jambo alilolichambua mwanahisabati Dean miaka ya 1920, na kona kali huongeza eneo la maji yaliyojitenga na ukuta. Eneo hilo linaweza kutikisika kweli. Wewe umeiambia programu itafute hali isiyobadilika na muda, na kama hali hiyo haipo itaitafuta mpaka kiama. Meno ya msumeno yanayorudi kwa vipindi sawasawa yananifanya nishuku hivyo. Badili uende kwenye utatuzi unaofuata muda, uangalie kama presha inacheza kwa vipindi. Ikicheza, umepata sura nzuri ya ripoti yako, na wavu umeonewa.

Kutazama picha ni ushahidi wa mazingira. Uthibitisho unataka jaribio, na jaribio linataka kitu ambacho jibu lake unalijua tayari. Elbo huijui. Bomba lililonyooka unalijua.

Acha elbo kwa siku nne. Chukua bomba lako la milimita 50 bila kona na upunguze kasi mpaka mita 0.02 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, ile inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko, inakuwa 1000, maji yanakwenda kwa utulivu bila msukosuko, na Hagen na Poiseuille walishatupa jibu, kila mmoja kivyake, karibu na mwaka 1840. Kigezo cha msuguano ni 64 gawanya kwa namba ya Reynolds, yaani 0.064. Presha inayopotea ni paskali 0.256 kwa kila mita. Kasi ya katikati ni mara mbili ya wastani, 0.04. Mlangoni ingiza kasi yenye umbo la parabola tayari, la sivyo utahitaji kama mita 2.5 za bomba kabla mtiririko haujakomaa. Suka wavu mzuri wa matofali. Kokotoa. Ukikosa 0.256 kwa zaidi ya asilimia moja au mbili na wavu ukiwa mzuri, simama hapo hapo, kuna kosa lingine kwenye mipangilio yako lisilohusiana na wavu.

Ukilipata, sasa uharibu wavu wako kwa makusudi.

Wazo ni kubadilisha ubora peke yake, idadi ya seli ibaki ileile. Wavu wa bomba lililonyooka ni kama boflo lililokatwa vipande. Ukilikata wima, kila uso unatazama mwelekeo wa bomba. Likate kimshazari: sogeza kila nukta kufuata urefu wa bomba kwa kiasi cha urefu wake wa kwenda juu mara tanjenti ya pembe uliyoichagua. Nukta zote zimo kwenye faili moja la maandishi, skripti ya Python ya mistari ishirini inatosha. Punguza msogeo taratibu ukikaribia mlango wa kuingilia na wa kutokea ili miisho ibaki wima, na presha ipime kwenye kipande cha katikati. Utakuwa na wavu wenye pembe ya digrii 30, halafu 60, halafu 75, halafu 81 kama yako, seli zilezile, breki zilezile, njia zilezile, mwanzo uleule. Kitu kimoja tu kimebadilika. Ndipo mtu akikuuliza "umejuaje ni wavu?" utakuwa na la kumjibu.

Kwa kila wavu andika mambo matatu: pembe iliyosomwa na checkMesh, raundi ngapi zimehitajika masalio yafike moja ya milioni (au yalipogomea), na presha kwa mita ukilinganisha na 0.256. Halafu rudia kila wavu mara tatu ukibadilisha idadi ya marudio ya kusahihisha mwinamo ndani ya kila raundi: 0, 1, 2. Ikiwa wavu wa digrii 75 unagoma kwa 0 na unatulia kwa 2, umeukamata mkopo ule niliokueleza ukiwa mchana kweupe. Safu ya tatu itazame kwa makini kuliko ya pili. Usishangae kosa la presha likianza kukua kwenye wavu ambao masalio yake bado yanashuka vizuri.

Kuhusu mwenzako wa chumbani na breki zake. Kukaza breki, yaani kupunguza sehemu ya badiliko jipya inayopokelewa kila raundi, kama kushusha 0.7 ya kasi iwe 0.5 na 0.3 ya presha iwe 0.2, si dhambi. Kunabadilisha mwendo wa kulifikia jibu bila kubadilisha jibu. Ikitulia kwa breki kali, ni jibu lilelile ambalo wavu huo ungekupa kwa breki legevu kama ungefika, pamoja na makosa yake yote. Mpe haki yake. Dawa ya kuogopa ni ile inayobadilisha jibu lenyewe: kurudi daraja la kwanza kama nilivyofanya mimi ile Alhamisi, au kuweka kikomo kwenye usahihishaji wa mwinamo, ile mipangilio inayosema "kopa, lakini usivuke kiasi hiki". Kikomo cha 0.33 hutuliza wavu mbovu vizuri sana. Kinatuliza kwa kutupa sehemu ya habari. Ukikitumia, kiandike kwenye ripoti, na ukijaribu pia kwenye bomba lililonyooka uone kimekugharimu kiasi gani.

Siku ya tano rudi kwenye elbo. Wavu ukisharekebishwa, suka nyavu tatu za umbo moja na ubora mmoja, kila moja laini mara 1.5 kuliko iliyotangulia kwa kila upande. Seli zitaongezeka mara 3.4 hivi: tuseme 60,000, kisha 200,000, kisha 680,000. Tuseme presha iliyopotea imekuja 642, 608 na 593. Tofauti ya kwanza ni 34, ya pili 15, moja ni mara 2.27 ya nyingine. Logi ya 2.27 gawanya kwa logi ya 1.5 inakupa 2.0, ambayo ndiyo daraja unayodai kutumia. Hiyo ni habari njema. Ungepata 0.6 ningeshuku upogo, au daraja la kwanza limejificha mahali. Kisha unavuta mstari mpaka kwenye wavu wa kufikirika ambao upana wa seli zake ni sifuri: 593 toa 15 gawanya kwa 1.27, karibu 581. Kwa kipimo alichokipendekeza mtaalamu Roache mwaka 1994, ukitumia kizidishio cha tahadhari cha 1.25, unaandika kwamba jibu la 593 lina mashaka ya asilimia 2.5 yanayotokana na wavu. Msimamizi akiona sentensi hiyo hatauliza tena kama wavu ni mbovu. Namba hizi nimezitunga kukuonyesha njia, usizinakili!

Tahadhari moja ya ukutani. Kwenye mita 1 kwa sekunde una namba ya Reynolds 50,000, huo ni msukosuko. Ukitumia fomula za ukutani, zile zinazokadiria kasi karibu na ukuta badala ya kuikokotoa, seli ya kwanza inatakiwa iwe na unene wa milimita 1.2 au zaidi kidogo, na ukizidi kuilainisha unatoka kwenye eneo ambalo fomula hizo zinakubalika. Basi zile nyavu tatu zilainishe kwingine na unene wa seli ya ukutani uuache, au achana na fomula na ushuke mpaka milimita 0.04. Katikati ya hizo mbili ndiko wengi wanakozama. Na uanze kwa kuikata elbo nusu kwa kioo cha ulinganifu, utaokoa nusu ya seli.

Ule uvutaji wa mstari ni wa Mwingereza Lewis Fry Richardson. Huyu bwana wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa dereva wa gari la wagonjwa Ufaransa, na kwenye mapumziko akawa anakokotoa hali ya hewa kwa mkono, siku moja ya Mei 1910, kwenye wavu wa vyumba vya takriban kilomita 200. Akapata presha ya anga ikipanda milibari 145 kwa saa 6. Kwa kweli siku hiyo karibu haikusogea. Kisa hakikuwa wavu wake. Vipimo vya kuanzia vya upepo na presha havikuwa vimesawazishwa. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye wavu, hebu nitazamie mlango wa kutokea maji: umeuweka umbali gani baada ya elbo? Kama ni vipenyo viwili tu, mizunguko ya Dean inatoka nje ikiwa bado inajisokota, mlango huo unaipinga, na masalio yanagoma hata wavu ungekuwa wa dhahabu. Sogeza ufike vipenyo 20, ujaribu hilo leo usiku kabla ya yote niliyoandika.

SWALI: Habari Mhandisi. Mimi niko Nairobi, naiga upepo unaopita juu ya matatu ili kupunguza mafuta. Nimesuka nyavu nne, checkMesh imezikubali zote, pembe hazizidi 60. Bado masalio hayashuki chini ya moja ya mia tano. Nizidi kuongeza seli?
– Msafiri wa Thika Road

JIBU: Usiongeze. Matatu ni sanduku lenye mgongo bapa, na hewa ikifika mgongoni inaachia na kuchafuka. Nyuma ya gari hali hiyo haitulii kamwe, hata barabarani. Kadiri wavu wako unavyokuwa bora ndivyo unavyoweza kuyanasa zaidi hayo machafuko, na masalio yakapanda badala ya kushuka. Nimewaona watu wakiharibu nyavu nzuri kwa kutafuta mstari mzuri. Fuatilia nguvu ya upepo kwenye gari raundi kwa raundi, chukua wastani wa raundi elfu kadhaa za mwisho, ulinganishe wastani huo kati ya nyavu zako nne. Vizuri zaidi fuata muda. Na kabla ya matatu, fanya lile sanduku la majaribio la Ahmed la mwaka 1984, mfano rahisi wa gari, lenye urefu wa milimita 1044, ambalo vipimo vyake vya handaki la upepo vinapatikana. Mgongo wake ukiulaza kukaribia digrii 30 ukinzani unapanda, na ukizidi hapo unashuka ghafla. Hapo utajua kama wavu wako unaona unachodhani unaona.

SWALI: Shikamoo. Laptopu yangu ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, na umeme huku Morogoro unakatika katika. Naweza kweli kufanya hizo nyavu tatu unazozisema kila mara?
– Fundi Mchanga

JIBU: Marahaba. Unaweza. Kwa makadirio, seli milioni moja hula gigabaiti moja hadi mbili, kwa hiyo wavu wa laki saba unakutosha na kivinjari ukikifunga. Anza na ule wenye seli kubwa, ukitulia hamishia majibu yake yawe mwanzo wa ule wa kati, kisha wa tatu. Utaokoa saa nyingi. Weka programu ihifadhi kila raundi 200 na ibakize mbili za mwisho tu, diski isijae. Umeme ukirudi, iambie ianzie pale ilipoishia.